Barua za Nyaatha



Nimeombwa niseme machache juu ya Sista Irene Stefani. Alizaliwa Italia mwaka 1891, akafika Kenya 1915. Aliuguza wapagazi wa vita Voi, Kilwa na Dar es Salaam, kisha 1920 akaletwa hapa kwetu Gikondi. Alifundisha miaka kumi, akipanda na kushuka vilima hivi kwa viatu vizito.

Lakini mimi napenda zaidi kazi yake ya nje ya darasa. Vijana wetu walikwenda mbali kutafuta kazi, na mama aliyebaki hakujua kuandika. Alimwendea Sista, akasema yake, Sista akaandika. Jibu likija, alisomewa. Watu hao ndio waliomwita Nyaatha, mwenye huruma.

Alifariki 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39, kwa tauni aliyoambukizwa na mwalimu aliyekuwa akimuuguza. Alipotangazwa mwenye heri Nyeri, Mei 2015, wengi wenu mlikuja.

Sasa, kabla kikapu cha harambee ya madarasa hakijapita: nani hapa hajampigia mama yake simu tangu Krismasi? Msiangalie chini!