Hotuba Juu ya Michezo ya Watoto Saa ya Mapumziko



Twataka kusema nanyi habari ya ile saa ya asubuhi kengele igongwapo, watoto wakatoka madarasani mbio. Wengi huidhani kuwa ni saa ya kupotea bure. Sivyo. Mtoto aliyeketi muda mrefu huchoka akili. Akikimbia kidogo, hurudi ametulia, akasikia asemacho mwalimu.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 5 hata 17 yampasa kuushughulisha mwili, kwa wastani, dakika 60 kila siku. Mtu atajibu: “Watoto wetu huenda shule kwa miguu, hupalilia mpunga na kuamia ndege, mchezo wa nini tena?” Ni neno la haki, wala hatulikatai. Lakini jembe halimfundishi mtoto kungoja zamu yake, wala kushindwa bila kununa. Hayo huyapata katika rede, kombolela na kuruka kamba. Yako mashindano ya UMITASHUMTA, nayo ni mema, ila huchagua walio hodari. Mapumziko ni ya wote.

Latuhuzunisha jambo moja: kumnyima mtoto mapumziko kwa kuwa hakumaliza hesabu. Huyo mzito wa hesabu ndiye hasa ahitajiye kunyoosha miguu! Darasa la saba nao, kwa hofu ya mtihani, pengine hawatoki kabisa. Tena wasichana hupewa fagio, wavulana mpira. Kwa nini?

Na katika bonde letu uwanja una uzito wake. Ukilimwa mpunga, au ukigawanywa kuwa viwanja vya nyumba, watoto hawaachi kucheza. Hushuka mtoni, na mto Kilombero una mamba na viboko. Kila mzazi aliye karibu na maji ajua hofu hiyo.

Basi wenyeviti wa vijiji, twawaomba mlilete neno hili mkutanoni kabla ya masika. Mipaka ya uwanja wa shule ipimwe mbele ya wazee na kuandikwa, mfereji wa kutoa maji uchimbwe, na miembe ipandwe pembeni, si katikati, mpira upate kupita.