Kompyuta ya Chama Isife kwa Joto

Majina ya wanachama na hesabu za mchango, Kasongo na Kabambare, ziko ndani ya kompyuta moja. Ikizimika yenyewe kwa joto, tusiseme imekufa. Pengine ni vumbi, ao pate termiki, ile dawa laini inayopitisha joto toka prosesa mpaka kwenye chuma cha kupozea, imekauka.

Kwanza tunakili hesabu kwenye daftari. Zima, chomoa waya, toa betri. Pate ya zamani ipanguse na alkoli. Mpya iwe kiasi cha punje ya mchele. Ikizidi, inazuia joto. Skrubu kaza kidogo kidogo, moja huku, moja ng'ambo. Dawa ya meno ao mawese, hapana!