Nishati Jadidifu Katika Vyombo vya Safari



Maudhui yetu leo ni nishati jadidifu, yaani ile isiyokwisha kwa kutumika, na namna mataifa yanavyoitumia kuendeshea vyombo vya safari. Wengi huisifu kwa ujumla, nasi hatuoni kuwa hilo ni sawa. Mafuta yatokanayo na mimea huhitaji ardhi, na ardhi aghlabu ina wenyewe.

Tuitazame Brazili. Baada ya petroli kupanda bei ghafla mwaka 1973, serikali yake ilianzisha, mwaka 1975, mpango wa kutengeneza alkoholi ya miwa iwe mafuta ya magari. Katikati ya miaka ya 1980, magari mapya mengi huko yalitumia alkoholi peke yake. Kisha sukari ikawa na faida zaidi, wenye viwanda wakaigeukia, na mwaka 1989 wenye magari wakakosa cha kutia. Ndipo mwaka 2003 yakaanza kuuzwa magari yanayokubali petroli na alkoholi kwa kiasi chochote, jambo ambalo kwa hakika ni la kupongezwa.

Marekani nayo hugeuza takriban thuluthi ya mahindi yake kuwa mafuta ya magari. Nafaka ilipopanda bei duniani mwaka 2007 na 2008, mafuta haya yalikuwa miongoni mwa sababu, na aliyelala njaa hakuwa mwenye gari.

Wala nchi yetu haikusalimika. Huko Kisarawe, kampuni ya Kiingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji ili ipande mibono ya kutengenezea dizeli. Mwaka 2011 ikafunga kazi. Vibarua wakakosa ajira, na wanavijiji wakabaki wakidai ardhi yao. Kama hiyo si dhulma, basi tuambiwe ni nini.

Wengine wameelekea kwenye umeme wa maji. Norway, mwaka 2024, karibu magari 9 kati ya 10 mapya yalikuwa ya umeme (ajabu ni kwamba yenyewe huwauzia wengine petroli). Mwaka huohuo Ethiopia, ambayo si tajiri, ilizuia kuingizwa kwa magari binafsi ya petroli na dizeli, kwani mafuta yaliimalizia fedha za kigeni ilhali karibu umeme wake wote hutoka mitoni.

Kwetu, treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Umeme wake hutoka katika gridi ya taifa, ambamo maji ya Rufiji yamo, na gesi asilia nayo imo.