Nyumba ya Wazee wa Kolo



Nimepewa nafasi niseme habari ya wazee wetu, nami sitawachosha. Mwajua ya kuwa wazee wa hapa Kolo hukutana. Hupimwa shinikizo la damu mganga apitapo, husikiliza magomvi ya mipaka, huwasimulia watoto mambo ya zamani. Lakini hukutana wapi? Niliwaona kwanza darasani. Watoto walipozidi wakaambiwa watoke. Wakahamia barazani pa duka, na mwenye duka alipotaka kuweka magunia ya alizeti, wakaondoka tena. Sasa wako chini ya mti, na mvua ikinyesha kila mtu hukaa kwake peke yake.

Simlaumu mwalimu wala mwenye duka, kwani wote wawili walitenda wema. Ila wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Tazameni mawe yetu. Michoro ya Kondoa iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na hapa Kolo Serikali imeweka ofisi ya mambo ya kale kwa ajili yake. Ni vyema. Tena pale Mongomi wa Kolo watu wamekuwa wakifanya mila zao tangu zamani, na habari hiyo nayo ilihesabiwa katika thamani ya mahali pale. Basi mawe yana walinzi na karatasi zao. Lakini wale wanaojua jina la kila kilima hawana hata ukuta mmoja.

Labda mtu atasema, Serikali inayo makazi ya wazee. Ni kweli, kama yale ya Sukamahela huko Manyoni. Lakini hayo ni ya mzee asiye na mtu wa kumtunza. Wazee wetu wana watoto na vitanda. Wanachokosa ni mahali pa kukaa pamoja mchana. (Sera ya Taifa ya mwaka 2003 humhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Wengi mliokaa mbele mmekwisha kufika, msicheke.)

Wengine mmeniambia, Tujenge katika kiwanja cha misheni. Mimi mwenyewe nilikuwa na nia hiyo, nami nimeiacha. Wengi wa wazee hawa ni Waislamu. Watakuja kwa adabu na kutushukuru, lakini watakaa kama wageni. Na siku atakapokuja padre mwingine mwenye haja ya ghala, watatolewa kama walivyotolewa kwanza. Tusiwe mwenye duka wa pili.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yatupa njia. Kikundi cha wanakijiji chaweza kuomba ardhi kwa halmashauri ya kijiji; mkutano mkuu wa kijiji ukikubali, hupewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lao wenyewe, nayo yaweza kuwa ya muda usio na mwisho. Karatasi hiyo itangulie, ndipo yafuate matofali. Walimu, kazi hii ni yenu: wasaidieni kuandika ombi, majina na mipaka, tena hakikisheni ya kuwa neno limeandikwa katika kumbukumbu za mkutano, wala halikuishia midomoni.

Kiwanja wachague wao. Waliona jinsi maji yalivyouchukua udongo wa nchi hii, hata mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika. Wajua korongo lipi lingali likipanuka. Mimi nilisema, karibu na barabara. Mzee mmoja akanijibu neno moja tu: vumbi. Nikanyamaza.

Kwetu sisi Wakristo naomba bati, na tangi la kukinga maji ya mvua, pasipo kuandika jina la parokia ukutani. Ombi lipelekwe kabla ya mkutano ujao wa kijiji. Orodha ya majina ninayo hapa mkononi. Atakaye kumwandikisha babaye au mamaye, anione mlangoni tutokapo.