Watoto wa Darasa la Tano na la Sita Watakaa Wapi Januari 2028? Maneno ya Kamati ya Tawi, Gendabi



Haya ndiyo tuliyoyasema kwenye mkutano wa tawi. Tunayarusha hapa kwa sababu wengi mlikuwa kwenye mavuno na wengine mlikuwa safarini. Ni marefu kidogo, mtuvumilie. Mwenye simu amsomee jirani asiye nayo, hasa mwenye mtoto wa darasa la tano au la sita.

Tangu mwaka huu wa 2026 uanze wazazi wanatuuliza swali moja njiani, msibani, hadi kanisani: ni kweli darasa la saba linafutwa? Ni kweli. Sera ya Elimu ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 31 Januari 2025, imefanya shule ya msingi kuwa miaka sita, na elimu ya lazima kuwa miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Watoto walioingia la tatu mwaka ule ndio walio la tano sasa. Mwakani watakuwa la sita, na hapo wanamaliza. Kaka na dada zao walio la sita leo wako kwenye utaratibu wa zamani, mwakani watakuwa la saba, nao wanamaliza.

Maana yake mwaka 2027 madarasa mawili yanamaliza pamoja, na Januari 2028 madarasa mawili yanabisha hodi kidato cha kwanza kwa siku moja. Serikali imeshalisema hili hadharani, si uvumi wa kijiweni. Ambalo hatujaambiwa huku chini ni mtoto wa kitongoji gani atapangwa shule gani, na atakaa kwenye chumba gani.

Mwanachama mmoja alisimama mkutanoni akasema tusijisumbue, wakubwa watapanga. Tulimheshimu lakini hatukukubaliana naye. Wakubwa wanapanga kwa takwimu zinazotoka kwetu. Takwimu zikifika pungufu, mpango unatoka pungufu, na anayeumia ni mtoto anayetoka nyumbani alfajiri na madaftari kwenye mfuko wa nailoni.

Tukumbushane upangaji ulivyo. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, matokeo hutoka, kisha TAMISEMI hutangaza majina na shule kila mtoto aliyopangiwa. Wachache wenye alama za juu sana huchukuliwa shule za bweni kama Ilboru au Kilakala, na wengine shule za ufundi kama Moshi. Tunawapongeza, lakini hao tunawahesabu kwa vidole. Waliobaki wote, yaani karibu watoto wetu wote, hupangwa shule za kutwa humu humu wilayani, na mgawanyo huo hufuata kata. Hapo ndipo wasiwasi wa wanachama ulipo, na sisi tunaona una haki.

Kata ni mstari wa karatasi. Mtoto hafuati mstari, anafuata njia. Kuna kaya ambazo sekondari ya karibu iko kata ya jirani, na ile ya kata yao wenyewe iko ng'ambo ya makorongo mawili. Shule hufunguliwa Januari, mvua ikiwa imeshika. Hakuna haja ya kumweleza mtu wa Gendabi korongo ni nini. Asubuhi ya Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023 tuliona tope, mawe na magogo yakishuka kutoka Mlima Hanang, tukazika ndugu zetu, na shule zikageuka kambi za waathirika. Mzazi aliyeyaona yale hawezi kumwambia mtoto wa miaka 12 avuke tu, maji yatapungua.

Na ni miaka 12 kweli. Hili baadhi yetu hatukuwa tumelifikiria hadi mama mmoja alipolisema. Mtoto wa darasa la sita ana mwaka mmoja pungufu kuliko wale tuliozoea kuwapeleka kidato cha kwanza. Tena kwa kuwa elimu ya sekondari inakuwa ya lazima, hawaendi waliofaulu peke yao. Wanatakiwa kwenda wote. Kwa hiyo wataongezeka zaidi ya mara mbili ya tuliowazoea, na watakuwa wadogo zaidi.

Umbali ukizidi tunajua wazazi hufanya nini. Wanamkodishia mtoto chumba karibu na shule, wenyewe wanaita geto. Anajipikia, anajilinda, hakuna mkubwa wa kumuuliza umerudi saa ngapi. Tuna binti kwenye tawi hili, hatutamtaja wala hatutataja shule, aliyeanza hivyo akiwa na alama nzuri. Hakufika kidato cha tatu. Tulikwenda kwa wazazi wake kutoa pole. Tulipaswa kwenda mapema, siku majina yalipobandikwa, tukaomba abadilishiwe shule. Hatukwenda. Hilo ni kosa la kamati hii na tunalikiri mbele yenu.

Sasa wengine watauliza, mbona zamani iliwezekana? Iliwezekana kwa shida. Mpango wa MMES ulioanza mwaka 2004 ndio ulioleta shule za kata, na wazee waliopo hapa walibeba mawe na maji kwa vichwa kuzijenga. Mwaka 2016 ada ikaondolewa, watoto wakamiminika. Upangaji wa Desemba 2020 uliacha zaidi ya watoto 70,000 nchi nzima waliofaulu lakini wakakosa nafasi kwanza, kwa sababu vyumba havikutosha. Mwaka 2021 zikaja fedha za UVIKO-19, yakajengwa madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari, na Januari 2022 waliofaulu wote wakaingia kwa mkupuo mmoja. Mwaka uliofuata yakaongezwa 8,000. Kwa hiyo Serikali ikiamua inaweza, tumeiona. Lakini pia tumeona kwamba pale vyumba vilipojengwa kwa haraka, vyoo, madawati na walimu vilikuja nyuma.

Tufanye hesabu ya mfano tu, msije mkaichukua kuwa ndiyo idadi yetu. Chukua kata yenye watoto 150 darasa la sita na 160 darasa la tano. Jumla 310. Ukiweka 50 kwa chumba, ambao ni wengi tayari, unahitaji vyumba saba vya kidato cha kwanza mahali palipozoea vitatu. Na kundi hilo haliondoki. 2029 liko kidato cha pili, 2030 cha tatu, hadi 2031 linapomaliza. Wasiotazama mbali watatafuta vyumba vya mwaka mmoja.

Kuna wazo lilitolewa na mwalimu mstaafu, nasi tunaliunga mkono kwa tahadhari. Darasa la saba likiisha, Januari 2028 kila shule ya msingi itabaki na vyumba vilivyokuwa vya darasa hilo. Kwa nini kidato cha kwanza wasianzie pale karibu na nyumbani kwa muda? Ni wazo zuri kwa miguu ya watoto. Lakini nani atawafundisha, na maabara iko wapi? Wale wa mkondo wa amali wanahitaji karakana, si ubao peke yake. Tunalipeleka kama ombi la kuzungumzwa na wataalamu, lisichukuliwe kuwa suluhisho la kutunyima majengo.

Jambo la haraka kuliko yote ni kalenda ya fedha. Bajeti ya Serikali huanza Julai. Chumba cha Januari 2028 kikisubiri fedha za Julai 2027, kina miezi sita tu ya kujengwa, tena fedha zisipochelewa. Na hata hiyo bajeti ya Julai 2027 mapendekezo yake huanzia vijijini miezi michache ijayo, yanapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani mapema mwakani. Tukikaa kimya kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaokuja, tutakuwa tumeshachelewa, na kelele za Desemba 2027 zitakuwa kelele tu.

Kuhusu michango, maneno yamekuwa mengi na mengine ya uongo. Hakuna aliyeagiza kila kaya itoe fedha. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, akaelekeza anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi na si kwa mwalimu. Wanakijiji wakiamua kwa hiari kuinua boma hadi renta ili Halmashauri ipaue, ni jambo jema na tumelifanya mara nyingi. Ila liamuliwe kwenye mkutano halali, liandikwe kwenye muhtasari, na mapato na matumizi yasomwe. Mtu akija mlangoni kwako na daftari akisema ametumwa na tawi, tawi halijamtuma.

Tuliulizwa pia kama kusema haya ni kuipinga Serikali. Sisi tunaomba watoto wahesabiwe kabla ya kupangwa. Hatuoni upinzani hapo.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Kila balozi apite kwenye nyumba zake ndani ya wiki mbili na kuandika idadi ya watoto wa darasa la tano na la sita, kitongoji wanachokaa, sekondari iliyo karibu kwa njia wanayopita kwa miguu, na korongo linalokatiza njia hiyo kama lipo. Majina ya watoto yasirushwe kwenye kundi hili, idadi inatosha. Familia zilizohama baada ya maporomoko, pamoja na waliohamia nyumba za Warret, waandikwe wanapolala sasa, si walipokuwa wakikaa zamani. Tunahisi hapo ndipo hesabu za ofisini zitakosea zaidi. Watoto wenye ulemavu waandikwe peke yao, maana kwao hata kilomita moja ni ndefu. Na wale wa wafugaji walio malishoni wasisahaulike kwa sababu tu siku ya kuhesabu hawakuwepo.

Karatasi zikusanywe kwa katibu wa tawi. Tutazilinganisha na orodha za walimu wakuu, kisha tutazikabidhi kwa mtendaji wa kijiji na diwani, nakala kwa ofisi ya elimu ya wilaya Katesh. Tutaomba mambo mawili kwa maandishi: mgawanyo wa Januari 2028 ufuate njia na makorongo hata pale unapovuka mpaka wa kata, na rasimu yake isomwe kwenye mikutano ya vijiji kabla majina hayajatangazwa.

Mabalozi ambao hamjachukua fomu, zipo kwa katibu. Kalamu mje nazo.