Upepo Hauna Mwenyewe, Mti Unaye: Wajibu wa Jirani Katika Vijiji vya Nachingwea na Ruangwa

Wajibu wa mwenye mti kwa jirani yake ni suala linaloonekana dogo mpaka siku upepo unapovuma, na katika vijiji vya kata ya Chiola na vingine vya wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ambako mkorosho au mwembe husimama hatua chache tu kutoka ukuta wa nyumba, siku hiyo haiko mbali. Mvua za ukanda huu ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na mara nyingi hutanguliwa na upepo mkali unaoezua mapaa na kung'oa miti. Mti ukiangukia nyumba ya mtu, neno la kwanza kusemwa ni kwamba hiyo ni kazi ya Mungu, na neno hilo hufunga mazungumzo kabla swali halijaulizwa. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba wajibu wa mwenye mti huanza kabla ya tufani, tangu siku alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba mti wake ni wa hatari.

Sheria inayogusa jambo hili haikukusanywa mahali pamoja. Sura ya 358 ya Sheria za Tanzania inaziruhusu mahakama kutumia kanuni za Uingereza zilizojengwa na hukumu za majaji, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920 na kwa kadiri mazingira ya nchi yanavyokubali, na humo ndimo zinamopatikana dhana mbili zinazohusu miti. Ya kwanza ni uzembe, yaani kutochukua hadhari ambayo mtu makini angeichukua ili kuzuia madhara yanayotazamiwa. Ya pili ni kero, yaani kuacha kitu kilichomo katika eneo la mtu kiendelee kumharibia jirani matumizi halali ya eneo lake. Kwa dhana hizo, mti mzima uliong'olewa na tufani isiyo ya kawaida haumtii mwenyewe hatiani, na aliyeangukiwa hubeba hasara yake. Mti uliooza, ukaonekana umeoza, kisha ukaachwa, una hukumu nyingine.

Kesi inayostahili kusomwa kwa makini zaidi ilitoka mbali. Februari 1961 radi iliupiga mti mrefu katika shamba moja la Australia Magharibi, ukashika moto, na mwenye shamba akauangusha siku iliyofuata. Lakini badala ya kuuzima kwa maji aliuacha uteketee wenyewe, na siku chache baadaye upepo ukazidi, moto ukavuka hadi kwa majirani. Katika kesi hiyo ya Goldman na Hargrave, Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa likisikiliza rufaa kutoka nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, liliamua mwaka 1966 kwamba radi haikuwa kosa la mtu yeyote, ila mwenye shamba alipokwisha kuijua hatari iliyo kwake alikuwa na wajibu wa kuiondoa. Kwa kuwa uamuzi huo ulitolewa baada ya 1920, hauzifungi mahakama za Tanzania, ingawa una uzito wa kushawishi. Sehemu yake yenye manufaa makubwa kwa Chiola ni ile inayosema kwamba wajibu hupimwa kwa uwezo wa mhusika. Bibi anayeishi peke yake, asiye na nguvu wala fedha za kumlipa mwenye msumeno, hatarajiwi kufanya sawa na mwenye ekari nyingi za mikorosho. Huenda akatimiza wajibu wake kwa kumwambia jirani mapema na kumruhusu aingie kuukata. Kanuni hiyo ina utu, na inakaribiana sana na namna wazee wa kijiji wanavyoamua mambo.

Kuujua mti mbovu nako hakuhitaji mtaalamu. Mchwa huacha njia za udongo zinazopanda shinani. Gome hubanduka na chini yake mbao hubomoka kwa kidole kama mkate mkavu. Uyoga huota penye mizizi. Shina likigongwa kwa mpini wa jembe hulia kama ngoma. Udongo ulioanza kupasuka upande mmoja wa mti ulioinama ni dalili mbaya kuliko zote, kwa maana mizizi imekwisha kuachia. Madhara mengine hutokana na mikono ya watu: moto wa kusafishia shamba ulioachwa ule shina, au mizizi iliyokatwa wakati wa kuchimba msingi wa nyumba. Anayechimba msingi chini ya mwembe wa mwenzake na kuikata mizizi yake hawezi baadaye kudai alipwe bati zote na kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, kana kwamba yeye hakuhusika.

Hata utetezi wa tufani isiyotazamiwa unazidi kuwa finyu. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado nchini Msumbiji baada ya wakazi wa Mtwara na Lindi kutahadharishwa. Na Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa za kimbunga Hidaya kabla hakijafika pwani. Taarifa inapotangazwa redioni kwa siku kadhaa, mwenye mti ulioinama juu ya nyumba ya watu hawezi kusema hakutazamia upepo.

Tawi linalovuka mpaka lina kanuni yake. Katika kesi ya Lemmon na Webb, iliyoamuliwa na Bunge la Malodi la Uingereza mwaka 1894, ilikubaliwa kwamba jirani anaweza kulikata tawi lililoingia kwake bila kutoa taarifa, mradi asivuke mpaka. Na mwaka 1919 mahakama ya huko ikaamua kwamba matunda ya tawi lililokatwa hubaki mali ya mwenye mti. Kesi hiyo ilihusu matufaha, lakini Nachingwea uamuzi huo unagusa mfuko wa mkulima, kwa sababu korosho huokotwa chini baada ya bibo kuanguka, na mkorosho hutandaza matawi yake mbali na shina. Anayeokota korosho zilizodondoka upande wake na kuzipeleka ghalani kwa jina lake anachukua mali ya mwenzake. Mti ulioanguka hufuata kanuni hiyohiyo: magogo ni ya mwenye mti, pamoja na kazi ya kuyaondoa.

Liko jambo moja ambalo hukumu za Uingereza hazilitatui. Katika mila za pwani na maeneo jirani, kama ilivyo Unguja na Pemba, mti wa kudumu unaweza kuwa na mwenyewe asiyemiliki ardhi, na mikorosho hukodishwa au kuwekwa rehani. Mti wa namna hiyo ukianguka, wajibu unapaswa kumfuata aliyekuwa na mamlaka ya kuukata, si anayelala karibu nao.

Nchini Marekani hasara ya namna hii kwa kawaida hulipwa na bima ya nyumba iliyoangukiwa. Chiola nyumba nyingi hazina bima, na mzigo huishia kwa jirani na jamaa. Kwa migogoro ya mipaka na ardhi lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 ambao angalau 3 ni wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, linasuluhisha tu, kwa siku 30, kabla shauri halijafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Madai ya fidia ya madhara yana ukomo wa miaka 3.

Popote shauri litakapoishia, swali litakuwa lilelile: nani alijua, na tangu lini. Onyo la mdomo hukanwa kwa urahisi, ilhali lililoandikwa hubaki. Kwa hiyo halmashauri za vijiji vya Chiola na kata jirani zinaombwa kufungua daftari la miti ya hatari, lenye tarehe, jina la mwenye mti na sahihi ya shahidi mmoja, na kulisoma mbele ya mkutano wa kijiji mwezi Oktoba, kabla ya mvua za kwanza.