Tairi Pana: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Maelezo yaliyotolewa kwa madereva na mafundi wa magari katika kikao cha uhamasisho kuhusu usalama barabarani



Kila Safari Rally inaporejea Naivasha, hamu ya magari ya kasi hupanda. Subaru Impreza, gari alilotumia Colin McRae kushinda Safari Rally mwaka wa 1997, bado linapendwa sana. Kijana akilipata lililotumika, jambo la kwanza analowazia ni rimu kubwa na tairi pana. Hilo si kosa. Tairi pana iliyochaguliwa vizuri hushika vyema lami kavu kwenye kona, na gari hupendeza. Hasara huja pale kipimo kinapokadiriwa kwa macho.

Impreza WRX nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa na tairi za 205/55R16. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kikihesabiwa kama asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi hiyo, kutoka chini hadi juu, ina takriban milimita 632. Anayetaka tairi pana zaidi akichukua 225/45R17, atapata takriban milimita 634. Rimu imekua, ubavu umepungua, kimo kimebaki karibu pale pale. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Lakini akiuziwa 225/55R17 kwa kuambiwa kwamba zote ni za inchi 17, kimo kinafika milimita 679. Saa ya mwendo ikionyesha kilomita 110 kwa saa, gari litakuwa linakimbia takriban 118. Dereva anadhani yuko ndani ya sheria, kumbe ameshaivunja. Tena, WRX husukumwa na magurudumu yote manne. Tairi mbili kubwa na mbili ndogo huzifanya gia za kugawa nguvu zivutane muda wote, na gharama ya kuzitengeneza huweza kupita bei ya tairi zenyewe.

Rimu nayo ina vipimo vyake. WRX za miaka hiyo zina nati tano kwenye mduara wa milimita 100, lakini WRX STI tangu toleo la 2005 hutumia mduara wa milimita 114.3. Rimu ya moja haiingii kwa nyingine. Tundu la katikati la Subaru ni milimita 56.1, ilhali rimu kadhaa za Toyota zenye mduara huo wa 100 zina tundu la 54.1. Nati pia hutofautiana: uzi wa Subaru ni wa milimita 1.25, wa Toyota ni 1.5. Nati ya Toyota ikilazimishwa kwa spana kwenye Subaru, italiharibu uzi la bolti, na gurudumu linaweza kuchomoka gari likiwa mwendoni na watu ndani.

Kuna pia kipimo kiitwacho ofseti, ambacho huonyesha gurudumu limeingia ndani kiasi gani. Rimu ya upana wa inchi 6.5 yenye ofseti 55 ikibadilishwa kwa ya inchi 8 yenye ofseti 35, ukingo wa nje husogea nje karibu sentimita 4. Gari likibeba abiria nyuma na kugonga tuta, madigadi huikwaruza tairi. Tairi inayokwaruzwa kila siku hupasuka siku moja, na siku hiyo haichaguliwi na dereva.

Jambo la mwisho ni barabara zenyewe. Tairi pana huelea kwa urahisi zaidi juu ya maji wakati wa mvua, hasa ikiwa imeisha meno. Ubavu mfupi nao hauna mto wa kutosha kwenye mashimo, kwa hivyo rimu hupinda. Wenye mashindano wanalijua hilo. Katika mashindano ya dunia, magari ya rali hutumia rimu za inchi 18 kwenye lami, lakini kwenye changarawe, kama ile ya Naivasha, hushuka hadi inchi 15. Hao ndio mabingwa, na barabara ndiyo inayowachagulia tairi.

Kwa hivyo, mwenye gari asome kibandiko cha tairi kilicho kwenye mlango wa dereva kabla ya kwenda sokoni. Fundi naye, akishafunga, ageuze usukani hadi mwisho pande zote mbili gari likiwa na watu, kisha akaze nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kampuni ya bima ijulishwe kuhusu mabadiliko hayo mapema, si baada ya ajali.

Fundi anayekataa kufunga rimu isiyolingana na gari hajamnyima mteja wake raha. Amemrudisha nyumbani salama.